Banda Lisilopumua

4 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Mimi mzima, na uzima wangu si wa kuazima. Wenzangu wa rika wameanza kushika kiuno wakiinuka kitini. Mimi wiki hii nimesimamisha nyumba ya chuma kwa mikono hii miwili, na sasa nimekaa nakuandikia kama mtu aliyetoka kulala.

Naam, banda la bati ulilotaka limesimama uani kwangu. Tulia. Vitu vyote vya marehemu mama yako, dada yangu, vimo ndani: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, makopo ya vifungo, majora ya vitambaa, na yale marundo ya karatasi za kaki za kukatia nguo. Mwenye nyumba alikopanga chumba cha ushonaji alikitaka kufikia mwisho wa mwezi. Mimi nimemkabidhi siku tatu kabla, kimefagiliwa. Alibaki anatazama sakafu kama amepotelewa na pete.

Sasa sikiliza kazi ya mjomba wako. Banda lilikuja limefungwa kwenye maboksi mawili marefu kama majeneza ya mapacha. Muuzaji akasema, "Mzee, hili ni la watu watatu, siku mbili, na karatasi ya maelekezo uifuate hatua kwa hatua." Nikamwambia, "Baba, karatasi hiyo mpe asiyejua bati." Nikamwachia palepale juu ya kaunta. Kuna mtu alikuja kununua misumari akasahau idadi.

Nimelijenga peke yangu, siku moja na robo. Robo ilikuwa ya chai. Skrubu kumi na saba zimebaki, yaani kiwanda chenyewe hakikujua kwamba litafungwa na mtu anayeweza kubana.

Nimeongeza akili mbili ambazo hukuziagiza. Ya kwanza, mlango. Ni wa kusukuma pembeni, haufunguki kwa nje, kwa hiyo nikauelekeza kwenye ukuta wa nyuma wa ua. Kati ya mlango na ukuta pana shibri mbili tu. Mwizi atalizunguka banda mpaka kichwa kimuume, haoni pa kuingilia. Ya pili, kiwanda kilikosea: kule juu karibu na paa wameacha matundu manane, manne kila upande, upana wa kiganja. Panya angepita na familia yake na mizigo. Nimeyaziba yote kwa saruji, kisha kila mshono nikaupaka lami. Sasa hata mbu akitaka kuingia itabidi aandike barua ya maombi.

Usinipigie simu. Nilipoinama kumwaga zege ya sakafu ilinichomoka mfukoni mwa shati ikazama. Mke wangu akasema nichimbue. Nikamwambia zege ikishaanza kushika haisumbuliwi kwa mambo madogo. Tuandikiane, kama watu wenye heshima zao.

Mjomba wako,
Injinia


27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikacheka peke yangu jikoni mpaka mzee ninayemtunza akaniuliza kwa kengele kuna nini. Huku sijambo. Kazi nyepesi tu, kumlisha, kumwogesha, kumsomea gazeti.

Asante, Mjomba. Tangu Mama afariki nilikuwa naota vitu vyake viko barabarani. Sasa nalala.

Ila hayo matundu, una hakika ni kosa la kiwanda? Mimi sijui mabanda, wewe ndiye unayejua. Nauliza kwa sababu ya zile karatasi. Cherehani ikiharibika hununuliwa nyingine. Kitambaa hununuliwa. Karatasi za kukatia za Mama ni miaka thelathini na nane ya mkono wake, na hakuna duka linaloziuza. Hasa ile bahasha iliyofungwa uzi mwekundu, ya koti. Unakumbuka kola yake, ilivyolala shingoni bila kuinuka hata mtu akiinama? Watu walikuja kutoka mbali kwa ajili ya kola ile. Kila nikimwomba anifundishe alisema, "Una haraka gani? Siku nikiondoka utaikuta kwenye karatasi."

Nakuomba kitu kimoja. Kila mwezi fungua mlango, acha upepo uingie, zipapase kama ni kavu. Nikimaliza mkataba huu nitarudi niiwashe tena kazi ya Mama. Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi.

Mpwa wako,
Sindano


20 Machi

Sindano mwanangu,

Umeniagiza kila mwezi. Mimi naingia kila Jumamosi! Nakaa humo kama waziri. Karatasi kavu, zinalia kaukau nikizigusa. Ile ya uzi mwekundu nimeiweka juu kabisa, nikiingia naisalimu.

Mvua zimeanza, na si mvua, ni vita. Juzi upepo uling'oa paa la jiko la jirani, ukalibeba, ukapita nalo juu ya ua wangu, ulipofika kwenye banda ukapinda. Nimeona kwa macho yangu. Jirani alikwenda kuchukua paa lake mtaa wa tatu, akapita kwangu, akaligonga banda kwa vidole, akasema, "Injinia, hapa umetuzidi." Sikumjibu. Mtu mkubwa hajibu sifa.

Asubuhi bati linatoa jasho kidogo kwa nje, nalifuta na kitambaa. Jasho la chuma kipya hilo, litaisha.

Kuhusu matundu, mwachie fundi. Mimi nimefanya kazi za bati kabla wewe hujaota meno.

Mjomba wako,
Injinia


2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Leo naandika kwa furaha tupu, usinicheke.

Mtaa wa pili kutoka hapa kuna mama mwenye duka la kushona makoti. Mwezi uliopita nilimpelekea koti la mzee wangu, nilikuwa nimelitia kiraka mwenyewe kwenye kiwiko. Akaligeuza ndani nje, akauliza nani kafanya. Nikasema mimi. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema mama yangu. Mjomba, anatafuta fundi mmoja. Mmoja tu. Ameniambia, "Niletee koti ulilokata mwenyewe tangu mwanzo, tarehe ishirini na nane Julai. Kuna mwenzako naye ataleta. Nitachagua."

Nikimpendeza nitaacha kazi hii ya nyumbani, nitakaa kwenye kiti mbele ya cherehani, kama Mama.

Nimenunua kitambaa kizuri, cha sufu, cha koti moja tu. Sitaweza kununua kingine. Kwa hiyo sitaki kubahatisha. Naomba unitumie ile bahasha ya uzi mwekundu, Mjomba. Ikunje hivyohivyo, itie kwenye karatasi ngumu, uipeleke posta. Mama alisema nitaikuta, na siku yenyewe ndiyo hii.

Mpwa wako,
Sindano


25 Mei

Mpwa wangu,

Hongera! Nimetangaza mtaa mzima. Nimewaambia umeshapewa duka, maana nakujua, ni suala la siku tu.

Bahasha itakuja, usiwe na wasiwasi. Ila nimesita kidogo. Posta ya siku hizi unaijua, wanaweza kuikunja ikavunjika. Halafu ufunguo wa banda niliuficha pazuri mno, pazuri kiasi kwamba hata mimi unanisumbua kidogo. Nipe wiki mbili.

Na usisahau kwamba mkasi wa kwanza mama yako alishikishwa na mimi. Yeye alikata, mimi nilishika ncha ya pili ya karatasi isitembee. Bila mshikaji hakuna mkataji. Damu hiyo unayo pande zote.

Mjomba wako,
Injinia


12 Juni

Sindano,

Fungua taratibu. Hiyo uliyoishika ndiyo.

Utaona karatasi mpya. Usishtuke. Ile ya asili imekuwa dhaifu kwa uzee, nikaona haiwezi safari. Kwa hiyo niliitandaza mezani, nikaweka kaki mpya juu, nikainakili mstari kwa mstari kwa penseli ya seremala. Siku nne! Mgongo, mabega, mikono, kola, vyote. Ile ya asili nimeirudisha mahali pake, imelala salama. Ukirudi utaikuta.

Kata bila hofu. Huyo mwenzako aende akafue nguo.

Mjomba wako anayekupenda kuliko anavyosema,
Injinia


9 Julai

Shikamoo Mjomba,

Imefika. Niliibusu, nikaona aibu, nikaibusu tena.

Nina maswali, ingawa najua jibu lako litafika nikiwa nimeshamaliza. Kwapa limekuwa pana kuliko nilivyozoea. Kola imekatwa fupi upande mmoja, kama nusu kidole. Halafu Mama alikuwa anatia vialama vidogo vya chaki mahali kola inapokutana na shingo, vitatu, kama nyayo za ndege. Sijaviona. Labda vilififia ukashindwa kuvinakili.

Nilikaa siku mbili na mkasi mkononi. Macho yangu yalikuwa yananiambia hapana. Nikajisema, wewe nani wa kubishana na Mama? Karatasi ni yake, macho ni yako. Nikakata.

Sasa nashona. Tarehe ishirini na nane nitampelekea. Niombee.

Mpwa wako,
Sindano


15 Julai

Mwanangu,

Ni mimi, Mama Vifungo, niliyekaa na mama yako miaka ile yote natia vifungo na kukunja pindo. Sijazoea kuandika, nivumilie.

Usikate kitambaa. Kama hujakata, usikate.

Mjomba wako hajawahi kuingia kwenye banda lile tangu alifunge bati la mwisho vitu vikiwa ndani. Hawezi. Ameelekeza mlango ukutani na tumbo lake halipiti. Barua yako ya kuomba bahasha ilipofika alikuja kunitafuta, kwa sababu mimi mwembamba. Nikaingia ubavuubavu. Nilipousukuma mlango ilinitoka hewa ya moto, imeoza. Dari lote lilikuwa linadondosha maji, na nje kulikuwa jua kali. Aliziba pa kupumulia, mwanangu. Unyevu wote wa zege na wa mvua ulipanda juu ukageuka maji, ukarudi chini, kila siku, miezi mitatu.

Karatasi ni uji. Nilitia mkono kwenye rundo, mkono ukaingia. Bahasha ya koti niliitambua kwa uzi tu. Nilipoinyanyua uzi ulibaki mkononi, vingine vikaanguka.

Nikamwambia, "Injinia, mwandikie mtoto leo hii." Akakaa chini palepale kwenye matope. Akasema, "Nipe wiki mbili, nitarekebisha. Mimi sishindwi na kitu." Akanilisha kiapo nisiseme. Nikaapa, Mungu anisamehe, kwa sababu sikuwahi kumwona analia.

Alichofanya ni hiki. Lile koti lake la kijivu, aliloshonewa na mama yako siku alipooa, alilifumua. Lote. Akapanga vipande mezani akavichora. Na kwa kuwa alishonewa akiwa mnene vilevile, akapunguza kwa macho, hapa kidogo na pale kidogo. Ile ndiyo karatasi uliyonayo. Mama yako hakuigusa.

Vipande vya koti alivisugulia kutu ya banda, mke wake asije akauliza koti limekwenda wapi.

Nimevunja kiapo. Sijui kama nimechelewa.

Mama Vifungo


10 Agosti

Mjomba,

Barua ya Mama Vifungo imenifikia tarehe tano. Koti nilikuwa nimeshalipeleka.

Mama wa duka alilivika kwenye sanamu, akalizunguka. Kola haikulala sawa. Upande mmoja ulilala, upande mmoja ulisimama, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Akaingiza kidole kati ya kola na shingo, akaniambia bila ukali, "Aliyekata hii alikuwa anamkumbuka mtu mnene." Sikuelewa alichosema. Nilielewa tarehe tano. Amemchukua mwenzangu. Nilipotoka alikuwa ameshamwonyesha kiti.

Nataka kukuambia nililokuficha na mimi, kwa sababu nimechoka kuficha. Kazi yangu si nyepesi. Mzee huyu ni mzito, ananyanyuliwa mara sita kwa siku, na tangu mwaka jana mgongo wangu unashika mpaka navaa viatu nikiwa nimelala. Daktari alisema nitafute kazi ya kukaa. Kazi ya kukaa ndiyo ilikuwa ile. Sikukuandikia kwa sababu ungewaambia mtaani, na sikutaka watu wamhurumie binti wa Mama.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Mjomba, kola ile ile ilikuwa kwenye koti lako. Mama aliikata kwa mkono wake, akaishona kwa mkono wake, na ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wako miaka yote hii. Ungeniandikia mwezi wa tano, "Karatasi zimeoza, nimeziua mimi," ningelia siku moja. Halafu ningekuuliza, una nini kingine cha mkono wa Mama? Ungelitia kwenye mfuko, zima, ukalituma. Ningelifumua mwenyewe, taratibu, ningeona nyayo za ndege kwa ndani. Ningeijua ile kola maisha yangu yote.

Ulilifumua wewe, ukalichora kwa penseli ya seremala, ukasugulia kutu.

Juzi nimetia saini miaka miwili mingine hapa. Wameniuliza kuhusu mgongo. Nimesema mzima.

Sindano


1 Septemba

Sindano,

Barua yako nilisomewa na mke wangu. Mimi nilianza, nikaishia kwenye yule mama wa duka.

Nimefungua bati za upande wa mbele, skrubu kwa skrubu, nikatoa kila kitu nje. Sikumwita mtu. Jirani alisimama kwenye uzio akauliza, "Injinia, unahama?" Nikamwambia ndiyo.

Cherehani ile kubwa imeshika, gurudumu halizunguki hata kwa mafuta. Ile ndogo inazunguka lakini sindano haishuki. Meza imevimba ikapasuka katikati. Vitambaa nilivitandaza juani, vinachanika kwa kushikwa tu. Vifungo vya chuma vimegandana kwenye kopo vikawa kitu kimoja. Vya plastiki ni vizima. Mama Vifungo amevichukua.

Karatasi nilizianika moja moja kwenye uzio, zile zilizokubali kunyanyuka. Nilidhani zikikauka mistari itaonekana. Zimekauka. Hakuna mstari. Nimezigeuza pande zote mbili, nimezielekeza kwenye jua, nimemwita mke wangu mwenye macho mazuri. Ni kahawia tupu.

Nilikwenda kwa yule anayenunua makoti chakavu, nikamuuliza kama amewahi kupata moja lililoshonwa na dada yangu. Akaniuliza lina alama gani. Nikamwambia kola. Akaniletea makoti kama arobaini, nikayashika shingo yote. Hakuna. Nimeuliza nyumbani kwa wateja wa zamani wa dada yangu niliowajua, watatu. Mmoja alizikwa nalo. Wawili hawakumbuki.

Kuhusu mgongo wako, ungeniambia ni mgongo ningesema kweli juu ya karatasi. Nimeandika hivyo, nimeitazama, na sina hakika kama ni kweli. Nimeiacha tu.

Nimekaa hapa tangu asubuhi natafuta neno la kukutia moyo. Mke wangu amepita mara mbili, ameiona kalamu imesimama. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema. Nimetafuta, mpwa wangu. Sina.

Mjomba wako